Maji ya Kwanza

Yusta alikuwa mfuaji wa gesti moja ya Mikumi, na kanisani ndiye aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana. Maji ya kwanza ya vitambaa hivyo, yenye masalia ya divai na mkate wa meza hiyo, hayamwagwi ovyo. Humwagwa kwenye udongo safi, penye maua. Jumamosi ile alichelewa, akavitia katika beseni moja na mashuka ya wageni, maji akayamwaga mtaroni.

Kesho yake alipomwona mchungaji akifuta kikombe kwa kimoja cha vitambaa vile, alibaki kwenye benchi. Hakwenda mezani.

Nje, Mama Perpetua, mzee wa kanisa, alimsimamisha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mezani hukuja, umegombana na nani wewe?”

Yusta akamweleza. Mama akacheka. “Mwanangu, Mungu hachafuki kwa mashuka ya gesti!”

“Sasa kwa nini tunamwaga penye maua?”

Kicheko kikakatika. “Ili tusimzoee.”

Yusta akainama. Kumbe Mungu hakupungukiwa kitu. Yeye ndiye aliyemzoea, kama alivyozoea sabuni.

“Jumapili ijayo uje mezani.”

“Nitakuja,” alijibu, lakini hakujua ataikingaje mbele za Bwana mikono iliyomwaga maji yale mtaroni.