Hodi ya Saa Nane

Mwaka ule Idi na Ijumaa Kuu zilitaka kuingia nyumbani kwetu siku moja, na nyumba yenyewe ni ndogo.

Ni vyumba viwili na sebule, ghorofa ya tatu, na jiko ambalo wakisimama watu wawili lazima mmoja avute tumbo ndani. Mimi nalala chumba cha mbele, mwenzangu cha nyuma. Sote tunafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mimi napiga pasi mashuka, yeye anashona yaliyochanika. Kule kila mtu huitwa kwa chombo chake, kwa hiyo mimi ni Mama Pasi na yeye ni Cherehani, na majina yakatufuata mpaka nyumbani. Mimi ni mjane, mtu wa kanisa. Yeye aliachika zamani, ni mtu wa msikiti, na nimemzidi miaka kumi. Huniita dada.

Kwa miaka sita sikukuu hazikuwahi kutushinda. Krismasi yeye hunishonea gauni huku akinilalamikia nyonga zangu kwamba zinamaliza kitambaa. Idi mimi humpigia nguo zake pasi mpaka anaogopa kukaa. Yeye akifunga, chumvi naonja mimi. Mimi nikifunga, anaonja yeye. Mwaka ule Ramadhani yake na Kwaresima yangu zikakutana, akakosekana wa kuonja. Leo tukifuturu mchuzi ni bahari, kesho ni maji ya bomba, na hakuna aliyethubutu kumlaumu mwenzake.

Taabu haikutoka kwetu. Ilitoka kwa kaka yake.

Huyo kaka alikuwa mnyapara wa vibarua kwenye ujenzi maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Mnyapara. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake. Lakini hakupendezwa na haya maisha yetu, akisema mtu akikaa na wa dini nyingine, taratibu zake humtoka kidogokidogo bila yeye kujua. Alikuwa amemtengea chumba uani kwake, amekipaka na rangi. Hatimaye wakakubaliana hivi: angekuja kula Idi kwetu, aone kwa macho yake. Akiridhika, atanyamaza. Asiporidhika, Cherehani atafungasha. Naye Cherehani alishatoa neno lake, na kwa kaka yake huyo aliyemlea tangu wazazi wafariki, neno halirudishwi.

Mimi nilijua kitakachonipata. Peke yangu nyumba ile nisingeiweza. Ningerudi kwa mwanangu, nilale kwenye kochi la sebuleni, nikisubiri kila jioni wamalize televisheni ndipo ninyooshe miguu.

Sasa jambo la Ijumaa Kuu. Mimi siku hiyo, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, sisemi. Si kwamba kanisa limeniagiza. Marehemu mume wangu alipokuwa anakata roho, saa zake tatu za mwisho mimi nilikuwa naongea tu. Naongea na manesi, naongea na simu, namwambia shemeji alete blanketi. Nilipogeuka kumwangalia, alikuwa ameshakwenda. Tangu hapo, saa zile tatu ambazo Bwana alitundikwa msalabani nampa kimya ambacho mume wangu sikumpa. Ilikuwa miaka kumi na moja bila kuruka hata mmoja. Cherehani alilijua hilo, na kila mwaka siku hiyo hutembea ndani ya nyumba kama paka.

Alhamisi jioni tulisimama dirishani wote wawili kuutazama mwezi. Mwezi ukiandama, Idi ni kesho yake, Ijumaa. Usipoonekana, Idi ni Jumamosi, na kila mtu anabaki na siku yake. Mungu anisamehe, nilijikuta naomba mawingu.

"Na wewe unaomba usionekane?" Cherehani aliniuliza bila kugeuka.

Nikamwambia naomba amani tu. Akacheka, akasema yeye mwenzangu ameomba mawingu tangu alasiri, na dhambi hiyo tutagawana. Tulikuwa bado tunacheka redio ya jirani ilipotangaza kwamba mwezi umeonekana.

Tulipanga basi. Alinisihi mwaka huo nikae kimya changu kanisani, kisha akaona mwenyewe kwamba nje ya kanisa siku ile pana watu wa kusalimiana hatua kwa hatua. Mimi nikasema niondoke niende kwa mwanangu. Akakataa katakata, kwamba kaka yake akikuta nimekimbia atasema tumeshashindwana. Mwisho tukamwambia Mnyapara aje saa tisa na nusu. Saa tisa kimya changu kinaisha, nawakaribisha wageni kwa mdomo wangu, kisha naenda zangu ibada. Mnyapara akakubali kwenye simu. Hata mimi nilimsalimu, akanijibu vizuri tu kwamba atatoka swala ya Ijumaa, atajilaza kidogo, ndipo aje.

Kosa letu lilikuwa kusahau kazi aliyoifanya miaka thelathini. Mnyapara hakuwahi kufika kazini kwa saa aliyoitaja. Akisema saa mbili, anatokea saa moja, awakute vibarua wamekaa.

Siku yenyewe nyumba ilinukia wali na nyama tangu asubuhi. Saa sita ilipogonga nikafunga mdomo. Nikawa nakunja vitambaa vya meza, Cherehani anakoroga sufuria, tunaelewana kwa macho. Saa nane kasoro akanionyesha kwa vidole kwamba anashuka chini kwa jirani kuazima viti. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Hazikupita dakika tano, nikasikia sauti nzito nje. "Hodi."

Nilijiambia labda ni mwenye viti.

"Hodi wenyewe."

Hodi ya tatu nikafungua. Mnyapara alikuwa pale katika kanzu nyeupe, kofia mkononi, na mkewe nyuma yake amebeba kapu la matunda. Nikainama, nikatabasamu, nikawafungulia mlango wote. Wakaingia nusu.

"Habari za hapa, mama?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaweka mkono kifuani, nikaonyesha viti. Akaniangalia.

"Nimesema, habari za hapa?"

Nikagusa midomo yangu, nikaonyesha juu, nikaonyesha saa ya ukutani. Nafikiri kwa mtu asiyejua, ilionekana kama namwambia amekuja wakati mbaya.

Mkewe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba huenda mama wa watu ni bubu.

"Bubu gani?" akasema Mnyapara. "Jana nimeongea naye kwenye simu dakika nzima."

Akatazama sebule. Akaona msalaba wangu ukutani, ambao siku ile nilikuwa nimeufunika kitambaa kwa desturi ya Ijumaa Kuu. Akaona mlango wa chumba cha dada yake umefungwa. Akavaa kofia.

"Nimeona nilichokuja kuona," alimwambia mkewe. "Siku ya Idi mtu unapiga hodi mara tatu, unatoa salamu mara mbili, unanyamaziwa kama mwizi. Twende tumtafute huko chini, aje achukue nguo zake."

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja au mbili. Ningeweza kukimbilia karatasi, lakini kalamu ilikuwa chumbani na yeye alishageuka. Nilimkumbuka mume wangu kitandani pale. Nilifikiri pia kwamba mtu amesimama mlangoni kwangu amenisalimu, na salamu ni deni la Mungu, nami naishikilia. Sikujua lipi zito. Mpaka leo sijui. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Habari ni nzuri, kaka. Karibuni ndani. Idi njema."

Sauti ilitoka imekwaruza, kama si yangu. Mnyapara akasimama. Na hapo hapo Cherehani akatokea ngazini, viti vinne mikononi, akanikuta nimefungua mdomo na machozi yananitoka. Akatazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika tano.

"Dada," akasema. "Umeongea?"

Viti vikaanguka. Sijawahi kumsikia akimpandishia kaka yake sauti, lakini siku ile alimpandishia. Alimwambia yote palepale mlangoni, mume wangu, zile saa tatu za kimya, miaka kumi na moja, na kwamba aliambiwa saa tisa na nusu kwa Kiswahili chepesi, akaja kukagua watu kama wako jengoni. Mkewe aliweka kapu chini taratibu, kama mtu anayeogopa hata matunda yasisikike.

Mnyapara akanigeukia mimi.

"Miaka kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Ukaivunja kwa ajili ya habari za hapa."

Sikujua kama ananilaumu au anauliza tu. Nikamwambia aliyesalimu alikuwa mgeni, na mgeni hana kosa. Akatazama ile saa ya ukutani, akahesabu kwa midomo.

"Bado dakika hamsini na kitu," akasema. "Keti, mke wangu. Na wewe weka viti, acha kunitolea macho. Tutanyamaza."

Nikamwambia haina haja, kimeshavunjika. Akaweka kidole mdomoni, yeye mnyapara wa watu mia mbili, akanionyesha kiti changu.

Tukakaa hivyo wanne. Chini barabarani watu wa Idi walikuwa wanapita wakicheka na kupiga muziki. Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza. Wifi yake Cherehani alivua bangili moja moja na kuziweka mapajani ili zisigongane. Nikafumba macho, nikasali, na mwanzoni niliona haya, maana niliona kimya hiki cha kuazima Mungu hatakipokea. Kisha nikasahau kuona haya. Kulikuwa kumetulia kuliko miaka yote niliyokaa peke yangu. Karibu na mwisho ikaanza sauti kama ya msumeno, na nilipofumbua jicho nikakuta Mnyapara kidevu kifuani, anakoroma. Cherehani alikuwa ameng'ata upindo wa mtandio wake, mabega yanamtikisika. Mkewe akamgusa mguu kwa mguu. Akashtuka, akakaa wima, akawa mkali wa uso kuliko sisi sote.

Saa tisa ilipogonga hakuna aliyeharakisha kusema. Nikachukua kitabu changu cha nyimbo, nikawaambia wapakue, wale kwa amani, nikaenda kanisani.

Ibada ile nilisali nusu. Nusu nyingine nilikuwa naliona begi la Cherehani limesimama mlangoni. Nilipanda ngazi jua likizama, taratibu, nikipumzika kila ghorofa kwa makusudi.

Hapakuwa na begi. Mnyapara alikuwa bado yupo, ameketi kwenye kiti cha kuazima, anamenya chungwa. Mkewe na Cherehani walikuwa jikoni, mmoja amevuta tumbo. Cherehani akatoka na sahani yangu, wali na maharage aliyoyapika kwenye sufuria ya peke yake isiyopitiwa na nyama, maana anajua siku ile sili nyama.

Nikaanza kula. Mnyapara akanitazama kidogo, kisha akauliza hiyo siku yetu ya kufufuka ni lini hasa. Nikamwambia Jumapili.

"Hiyo mnaongea?"

"Hiyo tunaimba, kaka. Majirani hugonga ukuta."

Akaguna. Akagawa chungwa, akampa mkewe nusu.

"Kile chumba cha uani," akasema, akimwelekea Cherehani jikoni, "nitaweka mbao zangu. Zinanyeshewa." Kisha akanigeukia. "Jumapili tuje saa ngapi?"

Nikamwambia saa saba. Cherehani akatoa kichwa jikoni, akasema dada amekosea, ni saa nane. Mnyapara akasema amesikia saa saba.

Alikuja saa sita. Tulikuwa tumeshapakua.