Mkato wa Mzee Kasdi

Tumirah alikuwa ameshapaka alama ya kijani nusu ya rundo la mdogo wake, Jumari, mkono uliposita. Chikichi zilikuwa zimeiva vizuri. Kilichomkosesha raha ni vikonyo. Mikungu ya chini ilikatwa mdomo wa chura, ule mkato wa pande mbili unaoacha bonde katikati, na bonde lenyewe lililalia kushoto. Hapa kijijini kwetu Jambi anayekata hivyo ni mmoja tu: baba yao, Mzee Kasdi, mtu wa mkono wa kushoto.

Na Mzee Kasdi hana shamba. Aliliuza mkewe alipougua. Tangu hapo alikuwa akivuka mto kuingia msitu wa hifadhi, alikofyeka na kupanda michikichi kwa siri, na kijiji kizima kilijifanya kuamini kwamba anakwenda kuvua. Hata Tumirah alijifanya. Alikuwa akimfungia wali na vipande vya tempe ya soya vya kula njiani.

Sasa chikichi za msituni zilikuwa mbele yake. Yeye ndiye mpokeaji wa ushirika. Bila alama yake lori halipakii. Familia tisini zilihangaika miaka mitatu kupata cheti cha mawese yasiyomaliza msitu. Wakaguzi wakigundua mkungu mmoja wa hifadhi, wote wanakikosa.

Akaitenga mikungu ile, akamwita baba yake pembeni. Mzee hakubisha wala hakuona haya.

"Ukiikataa wewe, kiwanda cha ng'ambo ya mto kitaichukua leo leo," alisema. "Sabuni itakayotoka humo itakuwa ileile. Ya kwako wewe umewahi kuuliza mawese yake yametoka wapi?"

Swali hilo lilimchoma, maana hakuwahi.

"Ya dukani sikuona chikichi zake zikikatwa, Baba. Mikungu hii naujua mkono ulioikata."

Mzee akacheka. "Kumbe kosa langu ni mkato."

Akaipakia mikungu yake kwenye pikipiki, akaenda zake ng'ambo. Tumirah hakumwambia mtu. Alijidanganya kwamba mzee amesikia, kwamba mwenyekiti wa ushirika ana mambo mengi, kwamba mvua zikianza mto hautavukika. Wiki nzima hakutulia. Alikuwa akifua nguo, anasimama na kipande cha sabuni mkononi, anakitazama tu. Ukimya wake mwenyewe ulimuudhi kuliko wizi wenyewe.

Alhamisi, siku ya lori, rundo la Jumari lilikuwa kubwa kuliko shamba lake lilivyowahi kuzaa. Tumirah aligeuza mkungu mmoja mmoja hadi miiba ikamtoa damu. Hapakuwa na mdomo wa chura hata mmoja; vikonyo vyote vilikatwa wima, safi, vinafanana. Hakuna ambaye angeweza kusema upi ni wa nani.

"Yote haya yako, Jumari?"

"Yote yangu, Dada." Alikuwa akiangalia matairi ya lori.

Dereva akapiga honi. Tumirah akafunika kopo la rangi, akamwambia aende, rundo hili linabaki. Jumari akamfuata akimsihi awakumbuke watoto wake, na kweli aliwakumbuka, mmoja mmoja kwa jina. Hakusimama.

Njia ya kwa mwenyekiti, alikokuwa akienda kusema yote, hupita nyumbani kwa Mzee Kasdi. Mzee alikuwa barazani ananoa shoka. Alipomwona bintiye akampungia, mkono wa kushoto, kwa furaha, kama kila siku. Tumirah naye akampungia, akaongeza mwendo.