Usiandike Pole

Ujumbe wa kwanza Emiliana aliuandika asubuhi, amesimama kwenye veranda ya wodi ya wazazi, hospitalini Handeni. Aliuandika kama anavyowafundisha wanafunzi wake kule Korogwe kuandika taarifa: nani, wapi, anahitaji nini. Evodia, mdogo wake, amejifungua na anatoka damu nyingi. Anahitaji damu ya kundi O hasi, sasa hivi, Handeni. Mwenye kundi hilo apige simu. Akaweka na namba yake, ingawa kila mtu alikuwa nayo.

Kundi la WhatsApp alikoutuma liliitwa Wana Mazingara Popote Tulipo. Walikuwamo watu waliozaliwa kata ya Mazingara wakatawanyika Korogwe, Hale, Tanga, hadi Dar es Salaam. Kule kwao, mtu asiyeonekana kwenye shida ya mwenzake huachwa peke yake siku ya shida yake, na jambo hilo halina mjadala. Waliohamia mjini walishindwa kufika kwenye kila msiba na kila ugonjwa, wakaanza kusemwa. Ndipo ilipokubaliwa kwamba pole iliyoandikwa kwenye kundi ihesabike kuwa ni kufika. Emiliana, msimamizi wa kundi, aliitetea hoja hiyo kuliko mtu yeyote, na matokeo yalikuwa mazuri. Watu waliokuwa hawajasemeshana kwa miaka walianza kusabahiana kila asubuhi. Bibi akiugua Mazingara, Dar walijua kabla uji wake haujapoa.

Kwa hiyo asubuhi ile walifika wote. Pole sana dada. Mungu atatenda. Wakristo waliandika Amina, Waislamu waliandika Amin. Zikaja picha za mikono iliyounganishwa, za mishumaa, za waridi lenye maandishi yanayometameta. Kila aliyefungua simu aliona wenzake wameshafika, akaharakisha kufika naye. Ujumbe wa Emiliana ukasukumwa juu ya kioo hadi usionekane. Aliuandika tena. Ukafunikwa upesi zaidi, maana waliochelewa walidhani hali imekuwa mbaya.

Daktari Fabiani alitoka wodini akaeleza bila kuzunguka. Dawa za kukaza mfuko wa uzazi zimetumika, penye jeraha pameshonwa, damu imepungua kutoka lakini haijakoma, na iliyobaki mwilini haitoshi. Akiba ya O hasi imekwisha. Gari limekwenda Tanga kufuata nyingine, na mvua imekata njia kati ya Tanga na Hale. Emiliana na Stefano, mume wa Evodia, walikuwa wameshapimwa. Wote ni O chanya. Emiliana aliuliza kama katika dharura chanya haiwezi kutumika. Daktari akasema kwa mgonjwa mwingine angeweza kuthubutu, lakini mwili wa Evodia ulijenga kinga dhidi ya damu chanya tangu mimba ya kwanza. Maabara walijaribu kuzichanganya na zikashikana mabonge.

"Nikimwekea hiyo, nitamuua mimi," alisema. "Tafuta mtu. Si ahadi, mtu mwenyewe, akae kwenye kile kiti pale."

Stefano alikuwa kwenye benchi, amempakata mtoto ndani ya kitenge. Mtoto alikuwa mzima. Stefano alisogea kumpisha shemeji yake nafasi.

Emiliana hakukaa. Alifungua kundi, akatafuta neno damu. Zikatoka jumbe zake mwenyewe, kisha ujumbe wa mwaka jana wenye picha ya kadi ya mchangia damu. Aliyeituma ni Dominiko, fundi kwenye kituo cha umeme Hale, akijisifu kwamba damu yake ni adimu. Alipongezwa sana siku ile, kwa picha za makofi. Kadi ilisomeka vizuri: O hasi.

Akarudi kwenye jumbe za asubuhi na kuzipitia moja moja. Dominiko alikuwamo. Alikuwa ameandika: Amina, Mungu ni mwema.

Alipiga simu yake. Haikupatikana. Alipiga tena, akakumbuka kwamba kazini kwake simu huzimwa na kuachwa langoni. Wakati anapiga, kundi liliongeza pole nyingine kumi na kitu.

Hapo ndipo alipolifunga. Aliingia kwenye mipangilio, akaweka kwamba anayeweza kuandika ni msimamizi peke yake. Kisha akaandika: "Usiandike pole. Evodia anakufa kwa kukosa damu O hasi. Dominiko wa Hale anayo na simu yake imezimwa. Aliye karibu naye aende akamwambie kwa mdomo, kisha anipigie mimi." Safari hii hapakuwa na kitu cha kuufunika. Kila aliyefungua kundi aliukuta chini kabisa, peke yake.

Simu ya kwanza ilitoka Mazingara. Alikuwa mzee Mwinjuma, ambaye hakuna kikao cha kundi kinachoanza bila dua yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Emiliana, mlango umefunga wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Watu wamekuja kwenye shida yako. Umewafungia nje."

"Mzee, walikuwa wengi mlangoni, niliyekuwa namwita hakunisikia."

Mzee akamwonya kwamba watu watasema amelewa usomi, na kwamba neno kama hilo halifutiki haraka. Emiliana alijibu kuwa waseme. Akamuuliza damu yake ni kundi gani.

"Sijui," alisema mzee. "Na uzee wangu huu wote, leo ndiyo naulizwa."

Aliyefuata alikuwa Filomena, muuza machungwa wa stendi ya Hale.

"Shoga, umetuziba midomo, nikasema ngoja leo nisome," alisema. "Domi namjua. Anachagua machungwa kama anachagua mchumba. Nimeshapanda pikipiki, naelekea langoni kwao."

Haikupita muda mrefu, Dominiko mwenyewe akapiga, anahema.

"Dada, naambiwa unanitafuta."

"Asubuhi umeandika amina."

"Nimeandika."

"Ulikuwa unaitikia nini?"

Emiliana alisikia mvua upande wa pili, na sauti ya Filomena ikimwambia mtu ageuze pikipiki.

"Niliona watu wanaitikia," alisema Dominiko. "Nikajua ni msiba. Nilikuwa naingia zamu."

"Si msiba. Evodia anatoka damu, na ya kwako ndiyo inayomfaa."

"Nakuja," alisema, na simu ikakatika.

Kilichofuata kilikwenda bila pole hata moja. Richard, mwenye pikapu Korogwe, alipiga kusema anasubiri stendi, injini inanguruma. Mwanamke mmoja ambaye Emiliana hakumkumbuka sura alipiga kumwambia barabara ya Korogwe hadi Handeni inapitika, isipokuwa bondeni pana maji, wapite taratibu. Kila alipopata habari aliiandika kwa mstari mmoja: Dominiko katoka Hale. Dominiko yuko Korogwe. Aliona orodha ya waliosoma ikirefuka, zaidi ya watu mia wakisoma bila kuweza kusema kitu.

Ndani ya wodi Evodia alikuwa ameacha kuuliza mtoto yuko wapi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Emiliana alimshika mkono, akauona wa baridi, akaufunika, kisha akatoka tena kwenda kuangalia lango.

Pikapu iliingia alasiri, matope hadi kwenye vioo. Dominiko alishuka na nguo za kazi, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Damu yake ilitoka vizuri. Mtaalamu wa maabara akaipima kwanza, ukimwi, homa ya ini, kaswende, kisha akaichanganya na ya Evodia kuona kama zinapatana. Hakuruka hatua, na Emiliana hakumwomba aruke. Zilipatana. Mfuko ulikuwa bado juu ya meza ya maabara, wa vuguvugu, Daktari Fabiani alipotoka wodini akiwa amevua glavu.

Stefano alimtazama daktari mikono, akainama juu ya mtoto.

Dominiko aliletewa soda kama wanavyoletewa wachangiaji wote. Aliishika bila kuinywa.

"Ningepandisha jumbe juu kidogo tu," alisema. "Kidole kimoja, dada."

Emiliana alikuwa ameshafanya hesabu hiyo. Kama angesoma asubuhi langoni, angefika kabla ya adhuhuri. Hakuisema. Aliuliza mfuko utafanywa nini, akaambiwa utawekwa kwenye jokofu, mama mwingine atauhitaji.

Mazishi hayapangwi mlango ukiwa umefungwa. Jioni ile aliandika kwamba Evodia amefariki na kesho anapelekwa Mazingara, kisha akalifungua kundi, akaiweka simu gotini asubiri mafuriko.

Kwa dakika kadhaa hakuna aliyeandika. Kisha Richard: pikapu ipo, nalala Handeni, nitampeleka. Filomena: naja na sufuria kubwa mbili na mchele. Mtu wa Korogwe: turubai na viti, nafika saa nne asubuhi. Mzee Mwinjuma alituma sauti: vijana waliopo nyumbani wakutane kwake alfajiri na majembe, na baada ya kuzika, yeyote asiyejua damu yake aongozane naye kwenda kupima. Dominiko, aliyekuwa amekaa kando yake kwenye benchi, alibadili jina lake kwenye kundi, likasomeka Dominiko Hale, O hasi. Mwingine akafanya hivyo, kisha mwingine.

Emiliana alisoma kila ujumbe hadi mwisho. Kila mmoja ulikuwa na jina, mahali na kitu. Walikuwa wamemwelewa kabisa. Aliteremsha kidole, akapandisha, akateremsha tena, akitafuta hata mmoja aliyekosea. Hakuna aliyekuwa ameandika pole.