Kitabu Kilichotoka Ndani ya Kochi

Fundi makochi hakuwa mtu wa vitabu. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la bati, na kazi yake ilikuwa kuyavua makochi ya watu vitambaa vilivyochoka na kuyavisha vipya. Humo ndani alishaokota kila kitu: vitana, vijiko, hata rimoti ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Siku moja, alipochana kitambaa cha chini cha kochi la mwalimu mstaafu, kikadondoka kitabu chembamba kisicho na jalada.

Akampigia simu mwenye kochi.

"Kumbe kilikuwa humo!" mwalimu akacheka. "Na mimi nimemnunia shemeji yangu miaka yote hii nikidhani alikichukua yeye! Kaa nacho, fundi. Nimekisoma mpaka nimekihifadhi."

Fundi akajiambia atasoma ukurasa mmoja tu, kisha arudi kazini. Kilikuwa kitabu cha mawaidha ya maisha ya kila siku, lakini si yale ya kumkunjia mtu uso. Sura moja iliitwa "Namna ya kuomba radhi ukiwa bado una hasira." Nyingine ilisema: "Ukijikwaa kwenye stuli ukataka kuipiga teke, kunywa maji kwanza. Stuli haina haraka, na mguu ni wako."

Kama kawaida yake, fundi alikuwa ameshikilia misumari midogo kwa midomo. Kicheko kikamtoka kwa nguvu, misumari ikatawanyika sakafuni.

Sasa, nyuma ya dirisha la karakana kulikuwa na chumba alicholala mama mkwe wake. Alikuwa amepasuliwa goti, akaletwa kwa binti yake auguzwe. Mtaalamu wa viungo alimwagiza atembee na magongo kila siku, lakini yeye alikuwa akienda kutoka kitandani hadi dirishani, anarudi analalamika, basi. Na kati yake na mkwe wake heshima ilikuwa nyingi hata maneno yakakosa nafasi. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Mpaka kesho tena.

Mchana ule mama alikuwa ndiyo kwanza ameinuka. Gongo moja likateleza, akadaka pazia, pazia likashuka naye mpaka kitandani. Hakuumia. Ila alipokuwa bado amefunikwa na pazia gubigubi, ndipo akasikia kile kicheko cha nje.

Binti aliporudi kutoka kazini jioni, akamkuta mama yake anakunja nguo.

"Nirudishe kwangu. Sikuja hapa kuwa kichekesho cha mume wako."

Binti akatoka mbio hadi karakana. "Wewe! Umemcheka mama?"

"Mimi? Nimcheke mama mkwe, nimerukwa na akili?"

"Basi nenda kamweleze mwenyewe."

Fundi akasimama mlangoni mwa chumba kile, jasho linamtiririka, kitabu mkononi. Hotuba yote aliyoipanga njiani ikayeyuka. "Mama, nilikuwa nacheka hiki hapa," akasema, na kwa kuwa hakuwa na la kuongeza, akafungua popote palipofunguka, akasoma kwa sauti:

"Mgonjwa ana haki ya kulalamika. Lakini abakize malalamiko kidogo, asije akaamka kesho hana la kusema."

Binti akajifunika uso kwa viganja. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika. "Nani kaandika upuuzi huo?"

"Jalada halipo, mama. Hatumjui."

"Yeye ananijua mimi!" Akacheka mpaka akashika goti. "Jamani, mtanifumua mshono! Soma tena."

Kesho yake, fundi akiwa amepiga magoti anagonga springi, sauti ikatoka dirishani. "Mkwe! Leo kinasemaje?"

Akamjibu huku misumari imemjaa mdomoni.

"Sisikii! Unaongea au unatafuna?"

Kabla hajaitema, akasikia magongo yanagonga sakafu ya ukumbi: ko, ko, ko. Mama akatokeza karakana anahema, akajitupa kwenye kochi lisilo na sponji, springi zikapiga kelele chini yake. "Haya. Soma."

Tangu hapo ikawa desturi. Fundi alisoma akipumzika, na mama alibishana na kitabu kama vile mwandishi amekaa mbele yake. "Hapo kachemsha. Huyu hajawahi kulala na mtu anayekoroma." Mahali pengine aliomba asomewe tena. Palikuwa pameandikwa: "Furaha ndogo ikija, usiihoji imetoka wapi. Isogezee kiti."

"Marehemu baba mkwe wako alikuwa hivyo," akasema polepole. "Alicheka hata chai ikimwagika. Alipoondoka, nikaona kucheka bila yeye ni kama kumsaliti."

Fundi akashusha kitabu magotini. Mama akapangusa macho, kisha akamkemea: "Umekodoa nini? Fungua ukurasa mwingine."

Mtaalamu wa viungo alipokuja kulikagua goti, akalikunja, akalikunjua, akashangaa. "Mama, umefanya mazoezi gani?"

"Nasomewa," akajibu.

Ikafika siku ya kurudi kwake, sasa akitembea kwa fimbo moja. Fundi mwenyewe ndiye aliyekitumbukiza kitabu kwenye mkoba wake. Siku zilizofuata karakana ikampwaya. Akawasha redio, akaizima.

Mchana mmoja simu ikaita.

"Mkwe, una kazi?"

"Ninayo, mama, lakini inaweza kungoja."

"Basi kaa. Leo zamu yangu. Sura ya jirani mwenye jogoo."

Fundi akaongeza sauti ya simu, akaiegemeza kwenye rundo la sponji, akaketi kitako. Mama akaanza vizuri: "Jogoo wa jirani akikuamsha alfajiri…" Sauti ikaanza kumkatika. Akajaribu tena, "…akikuamsha alfajiri, wewe…" akashindwa, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Fundi hakujua jogoo kafanya nini wala jirani kafanywa nini, ila alijikuta naye anacheka, machozi yanamtoka, akimwambia, "Polepole, mama, polepole, sina pa kwenda."