Kijerumani cha Djamila

Souleymane alipoondoka Kasongo kwenda Ujerumani, alimwambia mke wake Djamila, "Siku utajua Kijerumani, nitakuita." Hakumwachia kitabu wala mwalimu. Djamila akatafuta mwenyewe kwenye telefone, akakuta masomo ya bure, ya kusikiliza na ya video. Alirudia maneno yale akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mpaka majirani wakasema amerukwa na akili; lakini wakwe zake, aliokaa nao, walimtia moyo.

Mwaka wa pili, Souleymane akiwa kwenye simu naye, sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kijerumani, "Mpenzi, unaongea na nani?"

Souleymane akajibu kwa lugha ile ile, "Na mtumishi wa mama yangu."

Djamila akasema polepole, kwa Kijerumani, "Mimi ni mke wake."

Souleymane akacheka. "Matamshi yako iko mubaya sana," akamwambia kwa Kiswahili, akakata simu.

Djamila alimkuta mama mkwe wake uani, anapepeta mchele. Akamweleza yote huku akilia. Mama mkwe hakuinua macho.

"Ule mwanamuke tunamujua tangu zamani. Sisi wote."

"Sasa, Mama, mbona mulikuwa mukinitia moyo nisome?"

"Tulizania Kijerumani itakushinda, utabaki hapa kututumikia kimya. Acha kulia, lete maji."

Djamila akachukua ndoo. Alipofika kisimani aliiweka chini, akashika njia ya Nyangwe, kwa wazazi wake.