Kila Mtu Kaambiwa Sawa

Wifi yake fundi cherehani aliingia na begi tupu, akapitiliza hadi kabatini na kuanza kukunja mashati ya kaka yake. Fundi, aliyekuwa ameinamia sketi ya mteja, aliacha kushona.

"Wifi, unampeleka wapi mume wangu?"

"Kwangu, akapumzike. Mambo ya madripu hayataki. Nimemuuliza jana kwenye simu, kasema sawa."

Fundi alihisi damu inamchemka. Kesho asubuhi ndiyo dripu ya kwanza! Daktari aliwaeleza wote wawili, bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Saratani ya mapafu imeshasambaa, kisu hakitaiondoa. Kipimo cha kinyama kilichokatwa pafuni kimeonyesha kuwa dripu ya dawa ya kuamsha kinga ya mwili huenda ikamfaa. Huenda. Wengine inawaongezea miaka, wengine haiwafanyii lolote, na wengine kinga ikishaamka inaugeukia mwili wenyewe. Mgonjwa alipoulizwa, akasema sawa.

Gereji nzima alikokuwa akipuliza magari rangi walimwita Sawasawa, maana hajapata kumkatalia mtu. Mteja akitaka gari lipulizwe rangi siku hiyohiyo, sawa. Bosi akisema barakoa zimekwisha, jifunge shati puani, sawa. Miaka yote hiyo anavuta rangi, na watu wanamsifu eti ni mtu wa watu. Mtu wa watu! Mkewe alitamani awakusanye watu hao awagawie kikohozi chake, kila mtu na fungu lake.

Mwenyewe alikuwa pale pale kwenye kochi, kajifunika shuka, macho ukutani kama anayezungumziwa ni jirani.

"Wewe!" mkewe alimgeukia. "Daktari umemwambia sawa. Dada yako sawa. Mimi sawa. Kesho utajigawa mapande?"

"Mama watoto, msigombane kwa ajili yangu. Mtakavyoamua nyie, mimi sitakuwa na neno."

Hapo uzalendo ukamshinda. Alilinyakua begi, akalikung'uta, mashati yakatapakaa sakafuni.

"Nimechoka kuolewa na kichwa cha kuitikia! Nikikupeleka ukafa na dripu mkononi, nitasemwa mimi. Nikikuacha ukafa hapo kwenye kochi, nitasemwa mimi. Kifua ni chako! Unataka nini?"

"Usimfokee mgonjwa," wifi yake akadakia.

"Nitamfokea! Tena wewe ndiyo usinifungulie mdomo!"

"Nyamazeni!"

Alikuwa ni mume. Sauti hiyo wanawake hao wawili hawakuwahi kuisikia. Alikohoa hadi akajipinda, akajifuta mdomo kwa shuka.

"Nataka dripu. Naogopa, lakini naitaka. Dada, asante, nenda nyumbani. Na wewe mke wangu, ikinigeukia nikasema basi, iwe basi. Usinibembeleze. Niahidi."

Jibu ambalo mke alilidai kwa kelele lilikuwa limekuja, na sasa lenyewe lilikuwa linamdai. Hasira zikampanda upya, kwa mume, kwa ugonjwa, kwa neno basi ambalo mumewe alikwisha kujiwekea akiba.

"Hilo siwezi kukuahidi," alisema, machozi yanamtiririka. "Siku hiyo nitakubembeleza. Nitalia, nitakupigia magoti. Na wewe unikatalie hivihivi, kwa kunipigia kelele. Ukinikubalia ili kunifurahisha tu, sitakusamehe."