Vipepeo Tumboni

Fundi cherehani, bibi wa mjukuu mmoja tu, alikuwa na kiu isiyokatwa na maji. Mjukuu huyo wa kike alizaliwa ng'ambo, akakulia Kiingereza. Bibi akimtania kwamba ni mke mwenzake, baba mtu hukaa katikati ya simu kutafsiri, na utani ukitafsiriwa hupoa kama chai. Ndipo akaanza kujifunza Kiingereza kwa mwalimu mstaafu, mpangaji wa chumba cha uani.

Maneno aliyameza vizuri. Misemo ndiyo iliyomkaba. Kwa wenzetu mvua ikikaza, eti inanyesha paka na mbwa. Mwalimu alimwambia akariri tu, bibi akakataa katakata. Yeye hajawahi kuijua nguo kwa kuitazama: huifumua mshono kwa mshono mpaka auone mkato. Kwa hiyo kila msemo aliuliza, "Aliyeusema alikuwa anajisikiaje?"

Asubuhi moja simu ikaita. Mjukuu alikuwa hospitalini, anasubiri kupasuliwa sikio. Baba yake ametoka kidogo kuongea na daktari, simu kamwachia yeye. Kwa mara ya kwanza walikuwa wawili tu.

"Bibi," mtoto akasema kwa Kiingereza chake, "nina vipepeo tumboni."

Roho ikamruka bibi. Mtoto kala wadudu, na bado sikio halijaguswa? Nusura apige kelele aitiwe daktari. Kisha akaachia gurudumu la cherehani, akaanza kufumua. Mtoto yuko peke yake, kitanda kigeni, anangoja. Kuna kitu chepesi kinapapatika huko ndani, hakishikiki. Akaweka mkono kwenye tumbo lake mwenyewe, akakikuta kilekile.

Watu wa mbali vile, wasiojuana na babu zake, wasiowahi kuombana hata chumvi, nao waliitafuta hofu inakokaa, wakaikuta tumboni. Nani aliwaonyesha? Alistaajabu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Hata mimi ninao," akasema kwa Kiingereza cha kuungaunga. "Tena wengi. Sisi huku tunaita tumbo joto."

"Tumbo joto," mtoto akasema polepole kwa Kiswahili, kama anayeonja. Kisha tena, kwa sauti iliyotulia, "Bibi, tumbo joto."

Bibi akalirudia pamoja naye. Muda wote huo alikuwa akimfuata mtoto kwenye lugha yake, kumbe na mtoto naye alikuwa anangoja mlango wa kuingilia kwa bibi.